Wanafunzi Waliokataa Kusema Mimi

Niliondoka Tanga kwa sababu ya mkonge. Ukiitazama mistari yake iliyonyooka miaka mingi, macho hutamani kitu kilichopinda. Tena nilisikia kwamba Anaeli, rafiki yangu wa sekondari, anafundisha mashairi kwenye miteremko ya Meru kwa kuwatembeza watoto msituni. Nikafunga mzigo.

Hadi Moshi nilikwenda kwa treni, kisha nikapanda basi. Nilishuka Kikatiti na vumbi hadi kwenye kope. Anaeli alinipokea akicheka.

"Umekuja kusoma au kuzeeka?"

"Vyote, mradi ndizi zipo."

Njia ya kupanda ilipita kati ya migomba na mibuni, na mfereji ulitusindikiza. Hapo ndipo aliponieleza shida yake. Aliwasimulia wanafunzi habari za washairi wa zamani wa Uingereza, waliochoshwa na moshi wa viwanda wakakimbilia milimani, kila mmoja akasema la moyo wake mwenyewe. Wanafunzi walifurahi sana, lakini wakishika kalamu wote huandika "sisi". Jumapili, baada ya ibada, wazazi wangekuja kusikiliza. Asipopatikana hata mmoja mwenye shairi lake, mwalimu mkuu angekirudisha kipindi kile cha mashairi kwenye palizi ya shamba la kahawa la shule.

"Jembe linaninyemelea," alisema.

Jumamosi asubuhi tulipanda na darasa hadi ukingo wa msitu. Kilele kilikuwa wazi, lakini tulipoketi tu, wingu likakifunika.

"Haya," Anaeli akasema, "mlima unafanana na nini?"

"Sisi tunaona ni mzuri, mwalimu," mmoja akajibu.

"Sisi nani? Macho nayo mmechanga?"

Walicheka. Msichana mrefu aitwaye Elirehema akainua mkono. "Mwalimu, kwetu anayesema mimi, mimi, anaambiwa anajivuna. Na kesho baba yangu atakuwapo."

Kumbe haukuwa uvivu, ilikuwa adabu. Anaeli akanigeukia. "Mgeni, wewe unaona nini?"

"Mimi ni lile wingu," nikasema. "Nafika bila kualikwa, nawazibia watu jua, kisha naondoka."

"Mgeni anajitukana!" wakapiga kelele. Lakini Elirehema hakucheka. Aliinama akaanza kuandika.

Jumapili alisimama mbele ya wazazi, akasoma:

*Mlima waona mkwe, wavuta kanga usoni;*
*Mimi nimebisha hodi, natetema mlangoni;*
*Mlima nifunulie, nione kilicho ndani.*

Akina mama walicheka kwa kusikia mlima umemkimbia mkwe. Ndipo baba yake akainuka, na kicheko kikakatika.

"Nani amekutuma useme mimi?"

"Hakuna, baba. Niliogopa, na woga ule haukuwa wa darasa zima. Ulikuwa wangu."

Mzee akamgeukia mwalimu mkuu. "Kahawa yenu tutakuja kuipalilia sisi wazazi. Huyu mwacheni aendelee kubisha hodi."

Anaeli alinibana mkono hadi ukauma.

Jumatatu niliteremka kwa lori la ndizi hadi Arusha mjini. Nimezunguka nchi nyingi, na kila nirudipo huwaeleza watu wa nyumbani yale yale: mlima ni mzuri, wenyeji ni wakarimu. Safari hii nina neno moja lililo langu. Nilipoutazama Meru kwa mara ya mwisho, umetulia pale pale ulipozaliwa, mimi niliuonea wivu.