Pasipoti ya Fidelis

Wateja wa pasipoti ya haraka nawajua wakiwa bado ng'ambo ya barabara. Wanavuka bila kuangalia bodaboda, wanaingia wameshika simu mkononi, na kabla ya salamu wananiuliza kama nina mtu ndani ya uhamiaji. Sina mtu ndani. Nina kompyuta, printa inayotafuna karatasi, na shangazi anayeniuliza kila siku nitaolewa lini. Duka hili la stesheneri hapa Mwembesongo aliniachia baba yangu, mzee Fidahussein, na mimi Mehjabin ndiye ninayewajazia watu fomu zao mtandaoni mpaka macho yananiwasha. Hasira zangu mtaa mzima unazijua.

Fidelis hakuvuka hivyo. Alikuja taratibu, nyuzi zimemganda kwenye suruali, maana ni fundi wa makochi na karakana yake iko mtaa wa nyuma. Alisalimia, akakaa kwenye benchi, akasubiri watu wote waishe.

"Dada, nataka pasipoti. Ya haraka."

"Wote mnataka ya haraka. Unakwenda wapi?"

"India. Kumpa dada yangu figo."

Alisema kama mtu anayesema anakwenda sokoni. Nikaacha kuchapa. Dada yake, Juliana, anakaa Kingolwira, na kwa muda mrefu alikuwa akienda kusafishwa damu. Sasa madaktari walisema mwili umechoka, asicheleweshwe tena. Fidelis alikuwa amepimwa, akafaa. Hospitali ya huko ilikwishawapangia nafasi. Wakiikosa hiyo, hakuna aliyejua nyingine ingepatikana lini, wala kama Juliana angeifikia.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

Akafikiria. "Sijui. Sisikii kitu. Jaza tu, dada."

Nikajaza. Tulipofika kwenye wazazi, akanipa cheti chake cha kuzaliwa, nacho kilisema baba ni Mikaeli Mkude. Kwenye karatasi za hospitali, baba yake Juliana alikuwa Oscar Banzi. Mama nao walikuwa wawili tofauti.

"Ninyi ni ndugu wa wapi?" nikasema. Sauti ilikuwa imeshapanda.

"Tumbo moja, baba mmoja. Huyo Mikaeli ni mjomba."

Basi akanieleza, bila sauti kupanda wala kushuka. Baba yao Oscar alikwenda Kisaki kwenye kazi ya reli, akafia huko. Mama akamfuata kaburini, Fidelis akiwa hajaanza shule. Juliana alikuwa mkubwa, ana cheti chake tayari. Mjomba, kaka wa mama, akamchukua Fidelis kule Mgeta, na shule ilipodai cheti akaenda kuandikisha jina lake na la mkewe. Kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Mzee hakudanganya mtu. Aliulizwa mtoto ni wa nani, akajibu wa kwangu, na pale kijijini hakuna ambaye angejibu vingine.

Nilikasirika sana. Nilimkasirikia mzee, nikaukasirikia ukoo mzima, nikaikasirikia na printa. Kwa cheti kile pasipoti ingetoka bila taabu, halafu hospitali ingewaona hawa wawili kuwa watu baki na kuwarudisha. Huko hawapokei figo ya mtu baki. Nikampigia wakili wa jirani, akasema njia fupi ni moja: jina la Fidelis libaki lilivyo, ila mzee mwenyewe aje aape kwamba si baba yake mzazi, kiapo kiambatane na maombi pamoja na barua ya daktari ili karatasi za huku na za hospitali zisipingane, kisha mzee na Fidelis wafike uhamiaji.

"Mpigie," nikamwambia.

Fidelis akapiga simu pale pale. "Shikamoo baba. Inabidi ushuke mjini, useme kwamba wewe si baba yangu." Akasikiliza. "Ndiyo. Kwa ajili ya Juliana." Akakata. "Anakuja kesho."

Mzee Mikaeli alishuka na basi la kwanza, amevaa koti lake la kanisani, kabeba mfuko wa njegere. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," akanikabidhi njegere bila kuniuliza kama nazihitaji. Kwa wakili niliwapeleka mwenyewe, maana mwendo wa Fidelis ulikuwa wa mtu aliyelala.

Wakili akasoma kwa sauti: mimi Mikaeli Mkude naapa ya kwamba Fidelis si mwanangu.

"Hapo andika ni mpwa wangu," mzee akasema.

"Imo, mzee, mstari wa chini. Lakini hii ya si mwanangu lazima ibaki."

"Nimemlea mimi."

"Najua, mzee."

"Mke wangu amekufa akijua huyu ni wake. Naye unamtoa?"

Wakili akaangalia karatasi yake. Fidelis aliangalia ukuta. Nilitamani kumfinya aseme kitu. Mzee akachukua kalamu, akatia sahihi polepole, herufi moja moja, kisha akauliza kama kuna mahali pengine.

Tuliporudi dukani kutoa nakala, mzee akakaa kwenye benchi karibu na Fidelis. Akaniuliza huko uhamiaji wataulizwa nini. Nikasema huenda wakaulizwa undugu wao, na Fidelis asijikanyage, maana akijikanyaga watatilia shaka na mambo yatakwama.

"Huyu ataropoka," mzee akasema. Akamgeukia. "Mimi ni nani?"

"Baba."

"Umeona? Tena. Mimi ni nani?"

Fidelis akachomoa uzi mmoja kwenye suruali. "Mjomba."

"Sema kwa haraka, kama mtu aliyezoea."

"Mjomba."

"Tena."

Akasema tena, na tena, mpaka likatoka jepesi. Nyuso zao zote mbili hazikuwa na kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nalia nyuma ya printa, nikijifanya karatasi imekwama. Baada ya hapo mzee akasema vizuri, twendeni.

Afisa wa dirishani alikuwa kijana mwungwana. Alisoma barua ya daktari, akasoma kiapo, akamtazama mzee aliyesimama pembeni na koti lake.

"Na huyu uliyekuja naye?"

"Mjomba," akasema Fidelis.

Lilitoka bila kusita. Afisa akaandika, akawaambia suala lao litapewa kipaumbele. Nje mzee alimpa Fidelis mkono, wakaagana kama watu waliokutana kwenye foleni, naye akaenda kutafuta basi la Mgeta kabla halijajaa.

Pasipoti ilitoka nafasi ya Juliana ikiwa bado ipo. Fidelis alipokuja kunionyesha nilimwambia sasa afurahi basi, jamani. Akasema atafurahi akirudi, na akaniomba nimtolee nakala mbili. Alfajiri moja walipita na gari kwenda uwanja wa ndege, Juliana amelala kiti cha nyuma.

Jioni ya siku hiyo simu ya duka ililia. Nilikuwa nafunga, nikaipokea kwa ukali wangu wa kawaida.

"Mwanangu, namtafuta kijana. Simu yake haipatikani. Wameshaondoka?"

Watu wananiulizia vijana kutwa nzima. "Kijana yupi, mzee?"



"Fidelis," akasema. "Mpwa wangu."

Nikamwambia wameondoka salama, na simu imezimwa kwa sababu yuko angani.