Mashine Iliyodhani Wakulima ni Wachache

Msimu wa pamba wa mwaka 1998, Dafroza Magesa wa Kigera, Musoma, alikuwa amechoka kutukanwa kwa kosa lisilo lake. Alitunza kompyuta ya kiwanda kimoja binafsi cha kuchambua pamba, pale Bunda. Mkulima alitaja jina dirishani, yeye akalitafuta, ndipo mbegu itoke stoo. Mwanzoni jina lilijitokeza papo hapo. Sasa mtu aliweza kumaliza muwa mzima akingoja.

Ubovu aliujua. Kabla ya kutafuta, mashine hutazama kwanza takwimu za jedwali, lina majina kiasi gani na yamekaaje, ndipo iamue ipite njia ipi. Takwimu zile zilikusanywa wakati wa majaribio, jedwali likiwa na wakulima wa kijiji kimoja. Sasa mle ndani mlikuwa na wakulima wa Bunda na Butiama, mashine bado ikidhani jedwali ni dogo; ikaacha faharasa, ile orodha ya kuirukisha moja kwa moja kwenye jina, ikawa inasoma jina baada ya jina tangu juu.

"Bosi, nipe mchana mmoja nikusanye takwimu upya," alimwomba meneja, Boniphace. "Au jenereta iachwe ikiwaka jioni, nifanye tukishafunga."

"Mafuta nitoe wapi? Na nikifunga dirisha mchana, wenzetu wa viwanda vingine watatunyang'anya wakulima. Kesho."

Kesho ikazaa kesho.

Ijumaa moja Dafroza akamwona shangazi yake, Jenoveva wa Nyamuswa, kwenye foleni iliyoganda. Mvua ya kupandia ilikwisha kunyesha.

"Enzi za ushirika tulikuwaga tunalalamika," shangazi alisema, gunia tupu begani. "Lakini karani alitufahamu. Hiki chombo chenu, mwanangu, hakitujui?"

Dafroza alifunga dirisha kwa kishindo, akaiamuru mashine ikusanye takwimu. Boniphace akaja mbio.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna. Kama unataka kufungua, toka wewe ukawaeleze wale nje!"

Hakutoka. Dirisha lilipofunguliwa, majina yalichomoza kama zamani, na shangazi akaondoka na mbegu zake kabla ya basi la mwisho.

Jumatatu Boniphace alimtaka aombe radhi mbele ya wafanyakazi wote.

"Radhi ya nini?" Dafroza aliuliza. "Wanaostahili kuombwa radhi wanalima huko Nyamuswa. Nenda kawaombe."

Akafukuzwa siku hiyohiyo. Baadaye alifungua darasa la kompyuta Kitaji, akapata riziki yake. Lakini mtu akimtaja Boniphace mbele yake, hadi leo hukunja uso na kuacha chakula.