Karanga Hazivuki Kizingiti cha Bi Mauza

Kama hukuwahi kula karanga za Isidori, miaka ile soko jipya la Kariakoo lilipokuwa bado linanuka saruji, basi wewe umetafuna kokoto maisha yako yote na mimi nakuonea huruma. Nilizikaanga kwa mchanga na chumvi, nikazifunga kwenye gazeti lililokunjwa kama pembe, na siku Simba na Yanga wanapokutana, watu wa Msimbazi na watu wa Jangwani waliokuwa hawasalimiani walipanga foleni moja mbele ya sinia langu. Hata lile paa la soko, mafundi walilimwaga zege huku wanatafuna karanga zangu. Ndiyo maana mpaka leo halijaanguka.

Mji mzima ulinijua. Ila kulikuwa na nyumba moja ambayo karanga zangu hazikuruhusiwa kuvuka mlango, nayo ndiyo nyumba aliyokaa dada yangu wa tumbo moja, Severa. Habari hii ni yake. Mimi nimo kidogo tu, kama chumvi.

Severa alitoka Kibosho akaja kuishi na mumewe Theophil, dereva wa malori ya shirika, mtu ambaye ukitaka kumwona ilibidi ukasimame barabara ya Zambia. Walipanga chumba kimoja kwa Bi Mauza, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Nyumba ya Kiswahili unaijua: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na nyuma uani ambako wapangaji wote wana bomba moja, jiko moja na kinu kimoja. Bi Mauza alikuwa wa asili ya Uarabuni, amezaliwa chumba cha mbele cha nyumba ile ile, mwenye mkono wa pilau ambao sijauona tena. Mumewe Mzee Hamud aliuza viungo sokoni na alisema maneno kama anayalipia kodi.

Siku Severa anahamia, Bi Mauza alimsimamisha kizingitini.

"Shikamoo, Bi Mauza."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Fungua kikapu cha vyombo."

Severa akafungua. Sufuria zilikuwa zinang'aa, zawadi za harusi zile.

"Zimewahi kupika yule mnyama?"

Sasa sisi kwetu, yule mnyama mfupi ni kitoweo cha heshima. Severa hakuzaliwa na uongo, urithi wote wa uongo niliuchukua mimi. Akasema ndiyo.

"Basi sufuria tutaziosha maji saba, moja la udongo. Mwiko na kibao cha kukatia tupa. Mti unanyonya."

Severa akatupa mwiko wa mama yetu, akanunua mwingine. Hakuuliza yule mnyama amemkosea nini Bi Mauza. Tangu siku hiyo hakumgusa tena, na Krismasi mbuzi wake alichinjwa na Mzee Hamud ili nyumba nzima iweze kula. Mimi yule mnyama nilimla pembeni, kwa marafiki, na nikija kumsalimia dada yangu Bi Mauza ananinusa mlangoni. "Nenda bombani, baradhuli wewe. Mpaka viwiko."

Miaka ikaenda hivyo, kwa amani. Kisha akazaliwa Blandina.

Blandina alipoanza kutambaatambaa kwenye milango ya watu, mpangaji mmoja alimpa kipande cha kashata ya karanga. Hakukimaliza. Midomo ilivimba, macho yakafumba, kifua kikaanza kupiga filimbi. Mzee Hamud alimbeba mbio mpaka hospitali, kanzu ameikunja kiunoni. Mtoto akapona. Daktari akamwambia Severa kwamba damu ya mtoto huyu inapigana na karanga. Siku hizi nasikia wanaita mzio. Akasema asizile, asilambe hata kidole kilichozishika, maana safari nyingine pumzi inaweza isirudi.

Severa akarudi uani akawaeleza wenzake. Wakacheka.

"Karanga? Ziue mtoto? Mbona hazijamuua mjomba wake?"

Na kweli, nilikuwa nimesimama pale, mnene, shavu limejaa.

Lakini si wao tu. Blandina alipofika umri wa kuongea, redio yote ilikuwa ni chakula. Asubuhi redio, jioni redio: watoto wa taifa wapewe uji wenye karanga, wapate mwili, wapate akili. Kila chumba kilikuwa na redio yake. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Augustino, alilichukua jambo hilo moyoni. Alikuwa mtu mwema. Wema wake ulikuwa kama msumeno, ukishaanza kukata hausimami. Akapita mlango kwa mlango anawatazama watoto mbavu.

Na Blandina mbavu zilihesabika. Angenenepaje? Kinu ni kimoja, na humo ndimo karanga zilimotwangwa leo na kisamvu kesho. Severa hakukiamini kinu, hakuamini mwiko wa mtu, hakuamini mafuta ya kupimiwa dukani ambayo hujui yamekamuliwa kwa nini. Alimpikia mwanawe ndizi na nyama chumbani, kwenye jiko la mafuta ya taa, chini ya kitanda kuna magunia ya ndizi kutoka nyumbani. Karanga zikianza kutwangwa uani, anafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kanga. Joto la Dar unalijua. Nilipokuwa nabisha hodi, kwanza nisikie kanga inavutwa sakafuni, halafu kufuli, halafu sauti: "Umenawa?"

Sikukuu ndizo zilizombana zaidi. Idi inapofika, Bi Mauza hutuma sahani chumba kwa chumba, zimefunikwa kawa: pilau, kalmati, halua. Kukataa ni matusi, ni kama kusema mwenzio kakutilia sumu. Na sahani ya watu hairudi tupu. Kwa hiyo Severa alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafunga mlango, akanipa mimi nile, akaosha sahani, akaijaza ndizi za kukaanga, akairudisha. Nilikuwa tumbo la kukodishwa. Kazi hiyo nilizaliwa nayo, sikatai. Lakini nilikula nimeketi sakafuni karibu na mlango, na Blandina juu ya kitanda upande wa pili, ananitazama, huku watoto wenzake wamezunguka sinia uani wanapiga kelele.

"Mjomba, pilau ina ladha gani?"

"Kama mkaa uliolowa."

"Muongo. Unalamba vidole."

Severa alikuwa amesimama dirishani, dirisha limefungwa. Hakugeuka.

Basi ikaja Sabasaba, sikukuu ya chama. Mzee Augustino akatangaza kwamba nyumba kumi zake zitasherehekea kwa chungu kimoja cha uji wa karanga, uani kwa Bi Mauza, watoto wote wanywe hadharani. Kisha akaja mlangoni kwa Severa na bibi afya. Hakufoka, alisema kwa upole kabisa.

"Ndugu Severa, mtoto wako anadhoofika na wewe unamficha. Sabasaba atakunywa uji na wenzake. Asipokunywa, kesho yake gari litampeleka kituo cha lishe akae kule alishwe mpaka anenepe. Wazazi hawalali kule."

"Watamlisha nini, Mzee wangu?"

"Uji," akasema, kama anampa habari njema.

Walipoondoka, Severa aliketi juu ya gunia la ndizi. Theophil yuko Tunduma, lori limekufa. Daktari yule kahamishwa. Nikampa shauri la mjini: tuseme mtoto ana surua, nitampaka madoa kwa majani ya chai, nina kipaji.

"Surua inaisha," akasema. "Halafu?"

"Halafu mkimbilie Kibosho."

"Kibosho redio hakuna?"

Nikanyamaza. Mimi kunyamaza ni tukio, liandike.

Sabasaba ikafika. Uani kulipambwa makuti na bendera za karatasi. Chungu kilikuwa kikubwa cha kuogea mtoto, Bi Mauza yuko juu yake na mwiko, amejifunga kanga kifuani. Karanga zilikuwa zangu, nasema wazi, Mzee Augustino alikuwa na macho ya kuchagua bora. Zilikuwa zimetwangwa tangu alfajiri, vumbi lake limetanda kama unga wa mashine. Watoto wamejipanga na vikombe. Severa alikuwa amemfungia Blandina chumbani, naye kasimama nje, mgongo wake umeubana mlango. Tundu la ufunguo kalijaza pamba.

Mzee Augustino akahutubia kidogo, akahesabu vichwa, akaja.

"Ndugu Severa. Yuko wapi?"

"Yumo ndani. Hatoki."

"Tumekubaliana."

"Ulisema wewe. Mimi sikusema kitu."

Wanawake wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Wachaga wanabana hata uji wa bure. Ndipo Bi Mauza akaacha kukoroga.

"Mwacheni kidogo, nimuulize mimi," akasema. "Mama Blandina, nimekukosea nini? Kila Idi sahani yangu inaingia kwako, na anayekula ni huyu mnyonge wa kaka yako. Unadhani sioni? Anatoka mafuta yanamtiririka kidevuni. Mwanao hajawahi kuonja chakula changu. Unaniona mchawi? Kama unaniona mchawi, sema leo, mbele ya watu, halafu ukatafute chumba pengine."

Nilitazama chini. Kidevu nikakifuta, ingawa siku hiyo hakikuwa na kitu.

Mgongo wa Severa haukuondoka mlangoni.

"Bi Mauza, siku nahamia hapa, sufuria zangu zilikuwa chafu?"

"Zilikuwa zinang'aa."

"Uliziosha mara ngapi?"

"Saba. Moja kwa udongo."

"Na mwiko wa mama yangu?"

"Nilikwambia utupe. Mti unanyonya."

"Nilikuuliza kwa nini?"

"Hukuuliza."

"Nilikwambia onja kidogo tu, utazoea? Nilikwambia mbona huyu kaka yangu anamla na hajafa?"

"Hukusema."

"Basi kwa mwanangu, karanga ndiye yule mnyama."

Mzee Augustino akasema, polepole, "Ndugu, unafananisha chakula cha taifa na..." lakini Bi Mauza alinyoosha mwiko ukiwa unadondosha uji, naye akaiacha sentensi njiani. Mimi nilikuwa nimeshaangalia mlango wa kukimbilia. Kumtajia mwanamke yule mnyama yule, mbele ya chungu chake, siku ya sikukuu! Nilijua leo tutalala Jangwani na magunia yetu.

Bi Mauza aliulaza mwiko juu ya chungu. Halafu akaanza kuuliza, mmoja baada ya mwingine, kama kadhi.

"Akigusa tu?"

"Anavimba."

"Mwiko ulioshika karanga, ukakoroga kingine?"

"Hapana, hicho hakili."

"Kinu?"

"Kinu ndicho kinachoniua, Bi Mauza."

"Mkono wa mtu aliyekula asinawe?"

"Ndiyo maana nafunga mlango."

"Ungeniambia hivi tangu mwanzo," Bi Mauza akasema, "sio damu, damu, daktari, daktari. Mimi najua damu?" Akageuka. "Hamud! Njoo ushike upande huu. Chungu kinatoka nje."

Mzee Augustino akasema uji huo ni wa chama.

"Chama kikanywe barazani, kuna upepo. Na baada ya hapo hakuna mtoto anayerudi humu bila kupita bombani. Na kituo chako cha lishe, Mzee Augustino, ukimpeleka huyu mtoto, nipeleke na mimi nikaoshe vyombo vyao kwanza."

Chungu kikatoka, watoto nyuma yake. Uani ukamwagiwa maji, sikuhesabu ngapi. Kinu cha zamani, ambacho mama yake Bi Mauza alikitumia, kiliviringishwa kupitia ukumbini mpaka barazani, na tangu siku hiyo anayetaka kutwanga karanga atatwanga nje mbele ya wapita njia. Wapangaji walinung'unika. Bi Mauza akawajibu kwamba mti unanyonya. Nami na sinia langu tukapigwa marufuku, mimi, Isidori, muuzaji anayejulikana mpaka Magogoni.

Siku ile Blandina hakutoka chumbani, vumbi lilikuwa bado hewani. Alitoka Idi iliyofuata. Bi Mauza alinunua sufuria mpya na samli aliyoiona ikitengenezwa kwa macho yake, na akasimama ukumbini kukagua mikono ya kila mtoto aliyeingia, kucha kwa kucha. "Fungua mdomo. Nenda kasukutue." Watoto wa mtaa wakaiita nyumba ile forodhani. Blandina aliketi kwenye sinia na wenzake, akatia mkono kwenye pilau, akaupeleka mdomoni. Akatafuna muda mrefu. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Mkaa uliolowa, eh, mjomba?"

Severa hakula. Alisimama nyuma yake mpaka sinia likaisha, anatazama midomo, anasikiliza kifua. Idi zote zilizofuata nilimwona amesimama hapo hapo.

Mnaodhani alikuwa huru tangu siku hiyo hamumjui dada yangu. Theophil alipata kiwanja Sinza, akajenga vyumba viwili vya matofali, bati jipya, kila kitu. Severa alienda kuona. Kwa jirani alikuta karanga zimeanikwa mkekani, kuku wanazidonoa na kuzitawanya mpaka mlangoni kwake. Akarudi Kariakoo jioni ile ile, akafungua godoro alilokuwa amelifunga, akalirudisha kitandani. Baba yetu alipofariki alikwenda Kibosho peke yake, Blandina akabaki kwa Bi Mauza. Nyumba ya Sinza ikapangishwa. Wao wakaendelea na chumba kimoja, vitanda viwili, pazia katikati, mtoto anakuwa mrefu mpaka miguu inatoka nje ya kitanda.

Siku moja, nimeketi kizingitini nasubiri kukaguliwa, nilimsikia Blandina, msichana wa sekondari sasa, anamuuliza mama yake watahama lini.

Severa alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Bi Mauza akihama," akasema.

Bi Mauza alisikia, akacheka, akanishika vidole kutazama kucha.