Mihogo ya Siku ya Nne

Siku ile tulilaza mihogo mtoni kabla jua halijawa kali. Ilikuwa Jumatatu, mimi na mdogo wangu Mwadi, na tulicheka mpaka mbavu zikauma kwa sababu Mwadi aliteleza akaketi majini na nguo zake zote. Mihogo ya kwetu ni ile michungu. Usipoiacha majini siku nne, haikupi chakula, inakupa ugonjwa. Unaifunika kwa majani, unaweka jiwe juu, unaenda zako. Siku ya nne unaikuta laini, na inatoa ile harufu inayomfanya mgeni azibe pua na mwenyeji ameze mate.

Kijiji chetu kilikuwa kaskazini ya mji wa Likasi, mbali, mwendo wa siku nyingi. Mume wangu Banza alikuwa ameshuka Likasi kuchimba mawe ya shaba, akitutumia sabuni na chumvi kwa watu wa baiskeli. Mama yetu alikuwa amekwisha kufa. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Mwadi, na binti yangu Numbi ambaye bado nilikuwa nambeba mgongoni. Mkubwa nilikuwa mimi. Neno la mwisho lilikuwa langu, na mimi ni mtu anayependa neno la mwisho liwe lake. Nasema hivyo mapema ili usinihurumie kupita kiasi.

Jumanne walikuja mbuzi. Walitokea barabara ya juu, saba, bila mtu nyuma yao. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kamba shingoni, na kamba zile zilikuwa zimekatwa, hazikufunguliwa. Walisimama katikati ya kijiji wakitutazama. Mzee mmoja alisema bila shaka mwenye mbuzi yuko njiani. Tulitazama barabara mpaka tukachoka, kisha kila mtu akaenda kupika.

Jumatano asubuhi hakupita mtu wa baiskeli hata mmoja. Siku nyingine walipita na samaki wakavu, na kengele zao tulizisikia kabla ya kuwaona. Nilijikuta nikitwanga huku nasimamisha mchi kila mara nisikilize. Hata Mwadi, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alifagia uwanja bila kuimba.

Alasiri akapita mmoja. Hakuwa na mzigo, na hakushuka kwenye baiskeli.

"Mukimbie. Bantu ba silaha banakuya. Ku mugini ya kule hakuna tena muntu."

Mwadi alianza kufunga nguo palepale. Nikamshika mkono.

"Yaya, twende." Kwetu ndivyo mdogo anavyomwita dada yake mkubwa.

"Tutakula nini mu njia? Mutoto iko na homa. Mihogo inabakia siku moja tu. Tungojee mupaka kesho asubui, tuitoshe mu mayi, njo tuende."

"Na kama banafika mbele ya kesho?"

"Kila mwaka banasema banakuya."

Hatukuwa peke yetu. Karibu kila nyumba ilikuwa na mihogo majini, na karibu kila nyumba ilibaki. Nikiwasimulia watu wa mjini, wananishangaa: mlihatarisha roho kwa ajili ya mihogo? Hawajatembea porini na mtoto mgonjwa bila chakula. Tulifikiri kama watu wenye akili zao, na tukakosea.

Alhamisi asubuhi zamu ya kushuka mtoni ilikuwa yangu. Numbi alikuwa anachemka, hataki kuachwa. Mwadi akachukua beseni.

"Bakia na mutoto, Yaya. Minye nitarudia sasa hivi."

Nilikuwa nampa Numbi maji.

Mlio wa kwanza ulitoka upande wa mto. Nilidhani ni tawi limevunjika.

Wa pili sikuudhania kitu kingine.

Nilimfunga Numbi mgongoni, nikatoka. Njia ya mtoni ilikuwa kushoto. Njia ya porini ilikuwa kulia.

Nilisimama. Nakumbuka vizuri kwamba nilisimama.

Nikaenda kulia.

Siku ya pili porini yule mzee aliyemngojea mwenye mbuzi alitukuta. Alikuwa amepita karibu na mto. Aliniambia Mwadi amelala kando ya maji na kwamba hakuteseka, na akaongeza kuwa beseni lilikuwa limejaa tayari. Alitaka kunifariji. Mimi nilibaki na lile beseni tu kichwani.

Tulitembea, kisha lori la makaa likatubeba, na Banza akatupokea Likasi akilia. Majirani waliimba. Wakapika bukari, ule ugali wetu, na kwa kuwa tulikuwa watu wa kaskazini, wakaupika kwa unga wa mihogo kutufurahisha. Sahani ilipofika mbele yangu, ile harufu ikanipanda puani. Nikaisogeza sahani kando.

"Nimefunga," nikasema.

Katika kanisa letu, mtu akisema amefunga, hakuna anayemuuliza swali la pili. Waliitoa sahani kwa heshima. Kesho yake nikasema tena hivyo, na kesho kutwa. Nilionja uji kidogo wakati hakuna anayeona, nikanywa maji, basi. Wamama walianza kuniita mwanamke wa maombi. Mchungaji alinisimamisha mbele akasema tazameni, huyu vita vimempeleka kwa Mungu. Watu walipiga makofi. Walinipeleka kwa wagonjwa niwawekee mikono, nami ndiye niliyekuwa na njaa kuliko wote.

Sikuwa namuomba Mungu kitu chochote. Huo ndio ukweli. Kitu kilikuwa kimenifuata kutoka kule, nacho hakikuwa na haraka. Mchana kilikaa nami chumbani, nimegeukia ukuta, namsikia Numbi akiniita na siitiki. Usiku nililala na viatu miguuni, au tuseme nilikaa na viatu miguuni, maana usingizi haukuja. Nywele zilikatika. Nguo zilinivuka. Numbi akaacha kuniita, akawa anamwita baba yake. Nilijua nakwenda wapi, na niliona ni haki. Mwadi alilala bila kula mihogo ile, kwa nini mimi nile?

Jumapili moja, baada ya ibada, Mama Odette alinisalimu. Alikuwa shemasi, nesi aliyestaafu, mwenye ulimi mkali kiasi kwamba hata mchungaji alipima maneno mbele yake. Alinishika mkono na hakuuachia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anahesabu mapigo ya moyo.

"Mama Numbi, unafunga juu ya nini?"

"Juu ya mudogo wangu."

"Mudogo yako alikufa. Unaomba Mungu afanye nini?"

Nikajaribu kuuvuta mkono wangu.

"Mwenye kufunga iko na kitu anaomba, na iko na siku ya kufungula. Siku yako weye ni lini?"

Sikuwa na siku.

"Basi haufunge. Unajiua pole-pole, na shiye tunakupigia makofi."

Nilimchukia. Nilitoka kanisani nikitukana kimoyomoyo, maneno ambayo mwanamke wa maombi hapaswi hata kuyajua. Lakini nilipofika nyumbani nililia kwa mara ya kwanza tangu mtoni, na kesho yake alipokuja na chupa ya uji sikumfungia mlango. Alikaa mpaka nikameza vijiko vitatu. Kisha akanipeleka kwa daktari, huku ananieleza njiani kama anayemgombeza mtoto.

"Ba docteur banaita ile dépression. Aiko pepo, aiko zambi. Utakunywa dawa na utaomba, yote mbili. Hata ule binti Yesu alifufula, alisema bamupatie chakula."

Alinipangia siku yangu, naye alikuwa mkali kuliko saa. Kula mara tatu, hata kama ni vijiko viwili. Asubuhi kutembea mpaka kwenye reli na kurudi, nikisalimia kila mtu ninayekutana naye, kitu nilichokichukia kuliko dawa. Kumwagilia tuta la lengalenga, mchicha wa kwetu, nyuma ya nyumba. Kuingia kitandani saa ileile kila siku. Na maombi yawe mafupi na ya kweli. Ya kwanza yalinichukua wiki nzima kuyatamka: Bwana, mimi ndiye niliyesema tungoje.

Baada ya kumwambia Mungu ilibidi nimwambie Banza. Nilimwambia tukiwa tunachambua mboga. Alichambua shina moja kwa muda mrefu sana.

"Minye nilisikia habari ku soko siku mbili mbele ya vita kufika," akasema. "Nilisema nitakuya kuwatwala Jumamosi, kisha kulipwa."

Alikuwa amengoja mshahara wake kabla ya kuja kutuchukua. Tangu siku ile tulikuwa wawili chini ya mzigo ule, na kwa kweli ulipungua.

Sikupona kwa mara moja kama wanavyoshuhudia wengine madhabahuni. Masika yakija, majira tuliyokimbia, narudi nyuma. Kuna asubuhi reli inaonekana iko mbali kama kijiji chetu, na naenda hivyohivyo, nimekasirika. Nilijifunza kula bukari wa mahindi, kisamvu tunachokiita sombe, samaki. Unga wa mihogo tu ndio haukuingia nyumbani mwangu, miaka yote hiyo, na Numbi, ambaye sasa ni mrefu kunizidi, alikua bila kuujua.

Mwaka huu samaki wakavu wamepungua tena sokoni. Wauzaji wanasema njia si nzuri, na hawamalizi sentensi. Mwezi uliopita uwanja wa kanisa ulianza kujaa watu wa kaskazini. Mama Odette amekufa, kwa hiyo funguo za ghala la kanisa ninazo mimi, na mimi ndiye ninayewapokea.

Miongoni mwao alikuwa mwanamke anayeitwa Ngoie, lori limemleta kwa usiku mmoja, na beseni kichwani lililofunikwa kitambaa kibichi. Nilijua ni mihogo kabla hajafunua. Nilivunja kipande kimoja. Nje kilikuwa laini, katikati kigumu na cheupe.

"Iko ya siku mbili," nikasema.

"Siku mbili. Minye nilisema tungojee. Mudogo wangu alikatala. Aliingia mu mayi yeye mwenyewe, akaitosha, akanitukana."

"Mudogo yako iko wapi?"

Alionyesha kwa kidevu. Msichana mmoja alikuwa kwenye bomba, anagombana na watu kuhusu foleni, sauti yake inafika mpaka barabarani.

Nilikaa chini. Nililia pale mbele ya watu, na Ngoie alidhani ni huruma yangu kwao. Nilifurahi kwamba msichana yule yu hai, na nilimwonea dada yake wivu mbaya. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwepo. Siku mbili za maji: hicho ndicho kipimo cha kilichonitenga na Mwadi. Tungekula mihogo migumu, tungeumwa njiani, na leo angekuwa mama wa watoto, anabishana nami.

Nilibeba beseni lile nyumbani. Niliilaza mihogo kwenye pipa safi, nikaifunika, nikaweka jiwe, nikaisubiri siku zake mbili zilizobaki. Tuliianika, tukaitwanga, mimi na Ngoie na yule mdogo wake ambaye hakunyamaza hata dakika moja. Numbi aliziba pua. Nilipika bukari mwenyewe. Nilimega donge dogo, nikaomba, nikameza. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniumiza.

Watu wanaendelea kufika. Begi letu liko tayari, na nimemwambia Banza kwamba neno likija hatungoji kitu, hata chungu kilicho motoni. Asubuhi nakwenda relini, nasalimia watu, narudi kula. Usiku navua viatu kabla ya kulala. Naviweka karibu na mlango.