Siku Nilipotafsiri Ganzi

Aibu hii ningependa kufa nayo, lakini kwa kuwa wenzangu wawili wa chuo wameshaanza kuisimulia huku na huku wakiitia chumvi, afadhali niiseme mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekuwepo.

Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, nimepelekwa mazoezi katika hospitali moja ya milimani huku Rusizi, Rwanda, mpakani na Kongo, na asubuhi hiyo nilikuwa naingia chumba cha upasuaji kwa mara ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa rahisi: kusimama, kutazama, kutogusa kitu. Mgonjwa alikuwa Maman Furaha, mzaliwa wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, aliyeolewa hapa Nzahaha na Kinyarwanda hajakishika bado, uchungu umemshika tangu jana yake, mtoto hashuki, na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yameanza kulegea. Daktari alitoka Kigali, fundi wa ganzi alitoka kaskazini, na Kiswahili chao wote wawili kinaishia kwenye salamu. Mkunga, Béata, ambaye ni wa hapa hapa na angetusaidia, alikuwa chumba cha pili akitayarisha mahali pa kumpokea mtoto. Daktari akauliza nani anajua Kiswahili. Sasa mimi nilikisoma shuleni, tena nilipata alama nzuri, basi bila kusukumwa na mtu nikajibu kwamba nakijua sana. (Hilo "sana" ndilo lililoniponza. Ningesema kidogo, leo nisingekuwa na la kusimulia.)

Akaniambia kwa Kinyarwanda nimweleze mama kwamba atachomwa sindano mgongoni, atapata ikinya kuanzia kiunoni kwenda chini, na hatasikia maumivu. Ikinya ndiyo ganzi. Lakini neno ganzi sikuwa nalo. Kitabu chetu cha shule kilikuwa na somo la sokoni, la nyumbani, hata la uwanja wa ndege, ila la kupigwa ganzi hakikuwa nalo. Badala ya kusema sijui, nikapiga hesabu za haraka: igitabo kwa Kiswahili ni kitabu, ikintu ni kitu, basi ikinya, ukiondoa ile i ya mbele, itakuwa kinya. Na kwa kuwa nilijiona fundi wa sarufi, nikakitengenezea na kitenzi chake kabisa. Nikainama karibu na sikio lake, nikasema kwa sauti ya upole ya kidaktari:

"Mama, sasa hivi utakunya."

(Kwetu nako kuna neno la chooni linalokaribiana na hilo, lakini siku hiyo sarufi ilikuwa imenijaa mpaka masikioni.)

Mama akanitazama. Akauliza kama ni hapo hapo, juu ya meza. Nikamwambia ndiyo, hapo hapo.

"Mbele ya aba bapapa bote?" akauliza, akiwaangalia wanaume waliokuwamo.

Nikadhani ni woga wa sindano, nikazidi kumtuliza: asione haya, kila mama anayelala pale anakunya, sisi tumezoea, tena hata hatasikia inavyoanza, atashtukia tu imeshashika miguu yote. Daktari akaniuliza kama mama ameelewa, nikasema ameelewa vizuri. Kumbe alikuwa ameelewa kuliko nilivyotaka.

"Docta, uniache niende kwanza mu choo," akasema, "ntarudi mbio."

Na akashuka. Na tumbo lile, na uchungu ule, akashuka mezani, fundi wa ganzi akabaki ameshika sindano, daktari ameshavaa glavu safi na ameinua mikono hawezi kumgusa mtu, anamwita kwa Kinyarwanda arudi, na mama ndiyo kwanza anaelekea mlangoni. Mimi nikakimbilia kumzuia, nikawa narudi kinyumenyume mikono nimeitanua kama anayezuia mbuzi asitoke zizini, na kiwiko changu kikaisukuma ile meza ya vyuma iliyofunikwa kitambaa cha kijani, ambayo nilikuwa nimeonywa nisiisogelee. Makasi, koleo, visu, vyote vikaenda chini.

Béata akaja mbio kwa kishindo kile, akamkuta Maman Furaha ameshika ukuta analia kwamba docta anamlazimisha kunya mbele ya wanaume. Akanigeukia, akaniuliza nilitaka kusema nini, nikamwambia ikinya. Hakucheka. Akamshika mama kiunoni, akamwambia taratibu:

"Maman, ni ganzi. Alikuwa anataka kusema ganzi. Hakuna wa kukunyesha hapa."

Mama akarudi mezani. Hapo aibu ikaniisha, nikabaki na hofu tupu, kwa sababu vyuma safi vilivyobaki vilikuwa seti moja tu, na ilibidi ifunguliwe, daktari avae glavu nyingine, na muda wote huo mtoto anachoka. Mimi nilinyooshewa kidole niende ukutani, mikono nyuma. Upasuaji wangu wa kwanza niliutazama nikiwa huko, na sikuona kitu ila mgongo wa daktari. Nilisali kila sala niliyofundishwa na mama yangu. Mtoto akatolewa, kimya. Béata akampokea, akamvuta kamasi, akamsugua mgongo, kimya bado, nikajiambia asipolia naacha udaktari leo leo, narudi kwetu nikalime viazi. Kisha akakohoa kidogo, akalia, tena kwa hasira. Na mimi nikalia, nikajifutia barakoa.

Kesho yake tulipopita wodini, habari ilikuwa imeshafika vitanda vyote. Kina mama waliopasuliwa walishika vidonda vyao kwa mikono miwili ili wacheke bila kuumia, na mmoja akaniomba nimhurumie, nisifungue kinywa karibu naye. Maman Furaha alikuwa ananyonyesha. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari yote ya neno nililolikosa na jinsi nilivyolitunga. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa docta, kama haukujua neno, si ungeniuliza mimi? Nilikuwa na buchungu, sikukuwa bubu."

Tangu siku hiyo, neno likinipotea simtungii mgonjwa jingine. Namwambia, Maman, kile kitu kinachoshika mguu ukiukalia sana, munakiitaje? Wananiambia, wengine wanacheka kwanza, nami nangoja wamalize.