Mwani wa Ziwa Nyasa

Niseme mwenyewe, kabla mke wangu hajanisemea: niliacha vidonge vya ugonjwa wa sukari, nikawa nakunywa utelezi wa mawe ya ziwani.

Yalianzia kwa jirani yetu, mwalimu aliyehamishiwa Kyela kutoka Tanga. Miaka ile ya soko huria, wanawake wa kwao walikuwa wakilima mwani, yale majani ya baharini, wakiwauzia wafanyabiashara. Akanisimulia kwamba wataalamu wamekuta ndani ya mwani vitu ambavyo huenda vikashusha sukari mwilini, ila bado wanachunguza. Hiyo "bado wanachunguza" mimi niliiacha palepale kibarazani kwake. Kidato cha nne nimemaliza. Nikajiambia maji ni maji, ya kwao yamezidi chumvi tu.

Basi mimi nisiyebanduka kibarazani nikatoka kwenda ziwani, jambo ambalo mke wangu alimtangazia kila aliyepita njiani. Nikakwangua ule ukijani kwenye mawe, nikauchemsha katika chungu cha wafinyanzi wa Ikombe, nikawa nakunywa asubuhi na jioni. Na kwa kuwa sasa nina dawa, nikarudia wali wetu wa Kyela, sahani yenye kilima.

Kiu ikaanza. Macho yakaingia ukungu. Kidonda cha kidole cha mguu, nilichokidharau, kikawa cheusi pembeni. Asubuhi moja nikakuta sisimizi wamejazana nyuma ya nyumba, pale nilipokojoa. Nikajua sukari imejaa hadi kwenye mkojo. Baba yangu mdogo alianza hivyohivyo, kwa kidole. Akakatwa mguu, na hospitali hakutoka hai. Nikawafukia wale sisimizi kwa mchanga, mke wangu asiwaone. Kumbe alishawaona. Nilimkuta jikoni analia, yeye anayenitania hata msibani.

Ndiye aliyemwita mwalimu. Mwalimu akanusa chungu, akauliza vidonge nimeviacha tangu lini, kisha akaita baiskeli ya kunipeleka hospitali. Nilipopandishwa nyuma, nikamuuliza kama mguu utabaki, na kama nisingepona endapo angeniletea mwani wenyewe wa kwao. Akanishikilia nisianguke.

"Jirani," alisema, "hao wataalamu ndio kwanza wameanza kuwapa panya huo mwani. Wewe umeshindwa hata kumsubiri panya apone."