Thina Kwenye Ovaroli

Fundi wa malori anayefanya kazi jirani na kibanda changu cha chai hapa Uyole hutengeneza mwenyewe dawa ya kulegeza nati zilizoshika kutu. Huchanganya thina ya rangi, ambayo hushika moto upesi, na oili ya haidroliki kwenye chupa, akaitikisa polepole huku amegeuzia uso pembeni. Kabla ya kufungua thina huniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, jiko liko mbali?" Hata nikimjibu liko mbali, huja kuchungulia mwenyewe.

Juzi chupa ilimponyoka akiwa chini ya lori, ikammwagikia kifuani. Ndiyo kwanza anatoka uvunguni, dereva wa lori hilo akamwendea na sigara inayowaka mdomoni. "Vipi fundi, imelegea?"

"Kaka, simama hapo hapo."

Dereva akacheka, akasogea. Fundi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye tairi. "Kaka, nakuomba. Nimelowa thina." Upepo ulikuwa unavuma kumwelekea fundi. Hapo dereva akaelewa, akageuka, akakimbilia barabarani na sigara yake.

Fundi alijaribu kufungua vifungo vya ovaroli, vidole vikakataa. Nilimfungulia mimi, na moyo wake nikausikia ukigonga chini ya mkono wangu.